Netstat inaonyesha 127.0.0.1 inaongea na 127.0.0.1, hizi programu zinafanya nini huko ndani?

Kijana_wa_Umoja
Wasee habari zenu. Niko na laptopu ya Windows 10, nilisoma mahali ati ukitaka kujua kama kuna mtu ameingia kwa mashine yako ufungue ile skrini nyeusi uandike netstat -ano, basi nikaandika. Nimepata laini kibao zenye sizielewi, 127.0.0.1 imekonekti na 127.0.0.1, poti, ile namba baada ya nukta mbili, zinafuatana na zote zimeandikwa ESTABLISHED. Kama hizi:

TCP 127.0.0.1:49712 127.0.0.1:49713 ESTABLISHED 8840
TCP 127.0.0.1:49713 127.0.0.1:49712 ESTABLISHED 8840

Nikazima waifai nikarudia. Ziko palepale! Sasa nani anaongea na laptopu yangu na hakuna intaneti? Na kama inajiongelesha yenyewe, inajiambia nini? Kuna jamaa wa kurepea hapa mtaani anasema ni vairasi, anataka 1,500 afomati. Nishaurini kabla nimtumie.

Fundi_Luthuli
Usitume kitu. Hiyo namba ya mwisho kwa laini, 8840, ni namba ya programu yenye imefungua hiyo konekshoni. Andika tasklist /fi "pid eq 8840" halafu utuambie imesema nani.

Nyanya_Chungu
1,500 ya kufukuza 127.0.0.1 😂😂 hiyo biashara hata mimi naitaka

Kijana_wa_Umoja
Imesema firefox.exe. Kwa hivyo Firefox ndio imehakiwa ama?

SevaNaStima
Hakuna mtu amehakiwa hapo. Ni Firefox inaongea na Firefox. Angalia hizo laini mbili vizuri, ni konekshoni moja imeandikwa mara mbili, juu ncha zote mbili ziko kwa mashine yako, so netstat inakuonyesha kila upande kivyake. 49712 iko na 49713, 49713 iko na 49712, na PID, ile namba ya programu, ni ileile.

Sasa kwa nini brauza ijipigie simu? Hii iko na sababu yake na wengi hawaijui. Ndani ya brauza kuna nyuzi nyingi za kazi zinaendelea kwa wakati mmoja. Kuna moja kazi yake ni kungoja data za mtandao, imelala kabisa mpaka soketi mojawapo (ncha ya konekshoni) ipate kitu. Sasa nyuzi nyingine ikitaka kuiamsha iiambie kuna ombi jipya, itaiamsha aje na hiyo imelala ikingoja soketi peke yake? Kwa Linux ni rahisi, unatengeneza paipu, unaandika baiti moja upande huu inatokea upande ule, na ile kazi ya kungoja inakubali paipu na soketi zote. Windows nayo, ile kazi yake ya kungoja, select, inakubali soketi tu, paipu haiitambui. Basi waandishi wa programu wakasema sawa, kama ni soketi unataka utapewa soketi: wanafungua mbili, wanaziunganisha kupitia 127.0.0.1, na kila wakitaka kumwamsha yule aliyelala wanatuma baiti moja. Ndio hizo laini zako. Python ikiwa kwa Windows inafanya hivyohivyo ukitumia asyncio, maktaba yake ya kufanya kazi nyingi kwa pamoja.

Na ndio maana kuzima waifai hakujasaidia. Hizo data hazijawahi kukaribia waifai yako.

Kijana_wa_Umoja
Wueh. Sawa, hapo nimeshika. Lakini nikiangalia chini kuna zingine hazijasema ESTABLISHED, zimesema LISTENING, na zingine ziko 127.0.0.1:5037 na zingine ni 0.0.0.0:80 na 0.0.0.0:3306. Hizo nazo?

Fundi_Luthuli
5037 ni adb, programu ya kuunganisha kompyuta na simu ya Android, umewahi kuweka vitu vya Android kwa hiyo mashine. 80 na 3306 hizo ni XAMPP bila kuuliza, Apache ya kurasa za tovuti na MySQL ya databesi. Unasoma kozi ya kompyuta wewe?

Kijana_wa_Umoja
Eeh niko mwaka wa pili hapa tauni. Lakini swali langu limekuwa kubwa sasa. Kwa nini programu mbili ziko kwa mashine moja, memori ni moja, diski ni moja, halafu zinatumia anwani ya mtandao kuongea? Si ni kuzunguka bure?

Mwalimu_wa_Netiweki
Swali zuri, na wanafunzi wangu huwa hawaliulizi, wanakariri tu "localhost ni kompyuta yako" wanaenda mtihani.

Nianze na historia kidogo. Zamani anwani za intaneti ziligawanywa kwa madaraja, A, B na C, na daraja A ilitoka 0 ikaishia 127. Hizo mbili za pembeni, 0 na 127, ziliwekwa kando mapema, kwa orodha za namba za Jon Postel za 1981 utakuta 127 imehifadhiwa, haina mwenyewe. Halafu Novemba 1986 ikatoka RFC 990 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya Joyce Reynolds na Postel, ndio ikaipa 127 kazi ya kujirudia, yaani lupubaki. Kitu chochote kikitumwa huko kirudi ndani ya mashine iliyokituma, kisionekane kwa mtandao wowote mahali popote. 1989 RFC 1122 ikakaza hiyo sheria, anwani ya 127 isitoke nje ya mashine.

Kwa hivyo si anwani moja, ni kila inayoanza na 127, jumla 16,777,216. Jaribu ping 127.8.8.8 ukiwa Windows ama Linux, itajibu. Mac ndio inaringa kidogo, imewekewa 127.0.0.1 peke yake, zingine mpaka uziongeze mwenyewe. Ukiwa Ubuntu utapata hata majina ya tovuti yanaulizwa 127.0.0.53, hiyo ni systemd-resolved, programu ya kutafuta anwani za tovuti, imekaa hapo ndani. IPv6 walijifunza kubana matumizi, wakatoa moja tu, ::1.

Nyanya_Chungu
Milioni 16 za kujiongelesha! Na sisi huku Afrika AFRINIC, wale wa kugawa anwani za intaneti, tangu Januari 2020 mtoa huduma akienda kuomba anapimiwa hadi 1,024 kwa mkupuo. Dunia haiko sawa bana

Mwalimu_wa_Netiweki
Hata wao wameona. 2021 John Gilmore na wenzake waliandika pendekezo kwamba 127 ibaki na kipande kidogo, zilizobaki zitumike kama anwani za kawaida. Halijapita. Shida ni vifaa vyote duniani vilishafundishwa kutupa pakiti yoyote ya 127 ikionekana kwa waya, utavirekebisha lini vyote?

SevaNaStima
Nirudi kwa swali la kijana, ati ni kuzunguka bure.

Chukua hiyo XAMPP yako. Umeandika ukurasa wa PHP, unataka majina ya wanafunzi kutoka MySQL. PHP haijui kusoma faili za MySQL na haifai kujua, kazi yake ni kufungua soketi kwa anwani fulani na poti 3306, kutuma swali, kungoja jibu. Leo hiyo anwani ni 127.0.0.1 juu kila kitu kiko kwa laptopu. Kesho umepata kazi, databesi iko kwa seva yake huko mbali, unabadilisha anwani kwa faili ya mipangilio basi. Kodi haijui tofauti. Mtu aliyeandika MySQL naye hakuandika mara mbili, moja ya wageni wa mbali na ingine ya wenyeji, aliandika moja.

Hiyo ndio sababu ya kwanza na kwangu ndio kubwa, lugha moja kwa wote. Programu moja imeandikwa na Java, ingine na Python, ingine na C, mmoja yuko Windows mwingine Mac, zote zinajua TCP, ile kanuni ya kutuma data kwa mtandao. Njia zingine za kuongea ndani ya mashine ziko, lakini kila mfumo uko na yake na tabia zake. Soketi za Unix ni nzuri na ni nyepesi, lakini Windows ilianza kuzikubali 2018 hivi kwa Windows 10, na kufikia hapo kila mtu alikuwa ashazoea 127.

Na si kuzunguka vile unafikiria. Pakiti inashuka kutoka kwa programu, inapita TCP, ikifika IP mfumo unaona anwani ni 127, unaigeuza hapo hapo inapanda tena upande wa pili. Haifiki kwa draiva ya kadi ya mtandao, haifiki kwa rauta, haigusi bando yako. Kwa Linux inapitia kitu inaitwa lo, na lo inabeba pakiti ya hadi baiti 65,536 wakati waya ya Ethernet kawaida ni 1,500, kwa hivyo hata kukatakata data ni kidogo. Wazee wa intaneti hapa Nairobi watakumbuka kabla KIXP, kituo cha kuunganisha watoa huduma wa Kenya, ikae sawa 2002, barua pepe ya kutoka ofisi ya Westlands kwenda Industrial Area ilikuwa inapanda setilaiti, inaenda ng'ambo, inarudi, juu watoa huduma hawakuwa wameunganishwa hapa nyumbani. Lupubaki ni kuzuia ujinga kama huo usitokee ndani ya mashine moja.

mama_saiba
Hello watu wangu, mimi niko na saiba Kayole, nasoma tu kimya kimya lakini hii imenigusa. Kuna kijana aliniwekea kwa mashine zote ile faili ya hosts, tovuti za kamari akaziandikia 127.0.0.1 juu wateja walikuwa wanajaa hapo na watoto wa shule wanaona. Inafanya kazi poa. Lakini mashine moja, ile ya kaunta, kuna tovuti moja mtu akiifungua badala ya kukataa inaleta ukurasa wa rangi ya machungwa umeandikwa XAMPP. Wateja wanafikiria nimeanzisha kampuni 😅 Hiyo ni nini?

Fundi_Luthuli
Mama hiyo mashine ya kaunta iko na XAMPP imewashwa, labda kijana alikuwa anafanyia programu yake ya hesabu hapo. Brauza inauliza hosts "hii tovuti iko wapi", hosts inajibu iko hapa hapa 127.0.0.1, brauza inabisha poti 80, Apache iko hapo imekaa, inafungua mlango inasema karibu. Kwa mashine zingine hakuna mtu poti 80 ndio maana zinakataa. Fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts na Notepad ukiwa msimamizi, zile 127.0.0.1 za kamari uziweke 0.0.0.0, kwa hosts hiyo ni kama kusema haiko popote. Ile laini ya localhost kama iko usiiguse.

mama_saiba
Asante sana fundi Mungu akubariki. Na printa? Juu nasikia pia printa hutumia hiyo.

SevaNaStima
Ukiwa Linux ama Mac, ndio. Mfumo wa printa wa CUPS unakaa poti 631, ukiandika localhost:631 kwa brauza unapata ukurasa wa kupanga printa (Mac mpya unaweza ulizwa uwashe huo ukurasa kwanza). Hii ni mtindo programu nyingi zimechukua, badala ya kuandika madirisha ya Windows na ya Mac na ya Linux kila moja kivyake, unaandika kurasa za tovuti mara moja, programu inajifungulia seva ndogo kwa 127.0.0.1, brauza inakuwa ndio uso wake. Jupyter ya watu wa data ni hivyo, poti 8888. Hata ukiingia kwa akaunti kupitia zile programu za skrini nyeusi, brauza inafunguka unaweka pasiwedi, halafu brauza inatumwa 127.0.0.1 na poti fulani, programu ilikuwa imengoja hapo ichukue kibali. Kuna hadi RFC ya hiyo, 8252 ya 2017.

Kodi_Usiku
Nimechelewa lakini nimeona kitu hapo juu na hakuna mtu amegusa. Kijana amesema 3306 iko 0.0.0.0. Wasee hiyo si 127!! Hapo ndio mambo yote iko.

Programu ikianza kusikiza inachagua inasikiza wapi. Ikisema 127.0.0.1, mtu wa nje hata akijua poti, hata akijua pasiwedi, hafiki, juu pakiti yake haiwezi kuja na anwani ya 127 kutoka kwa waya, mfumo unaitupa. Ikisema 0.0.0.0 imesema nasikiza kila mahali, waya, waifai, kila anwani yenye mashine iko nayo. Kwa hivyo databesi yenye inatumiwa na programu ya mashine hiyohiyo peke yake haina sababu hata moja ya kusikiza nje. Hii ndio sababu mimi naweka ya kwanza, SevaNaStima aniwie radhi, lugha moja ni sawa lakini watu wanaumia hapa.

Nyanya_Chungu
Mimi huweka 0.0.0.0 kila kitu na sijawahi kuona shida. Fayawoli iko kazi gani?

Kodi_Usiku
Fayawoli ni ya siku umesahau, na siku umesahau ni siku umezima fayawoli "kidogo tu nijaribu kitu".

Januari 2017 watu wa databesi ya MongoDB walilia. Seva kwa maelfu duniani zilikuwa zinasikiza nje kwa 27017 bila pasiwedi, watu wakaingia wakafuta data wakaacha ujumbe, tuma Bitcoin. Hawakuvunja kitu, walipita mlango uko wazi. Mwaka huohuo toleo la 3.6 lilipotoka likawa linasikiza localhost peke yake mpaka wewe mwenyewe useme vingine. Redis, databesi ingine, ilikuwa ishaweka ulinzi wake kwa toleo la 3.2 mwaka mmoja kabla ya hapo.

Halafu Februari 28, 2018 GitHub ikapigwa na mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde. Unajua yalitoka wapi? Kwa seva za memcached za watu wengine kabisa, zilizoachwa wazi kwa mtandao poti 11211. Memcached ni kitu ya ndani, kazi yake ni kukumbuka majibu ya databesi ili tovuti iende mbio, lakini mtu akiifikia kwa UDP kutoka nje anatuma ombi ndogo akidanganya anwani ya mtumaji, na jibu kubwa kubwa linaenda kwa yule anataka kumpiga. Wenye hizo seva hawakujua hata wametumika. Ingekuwa inasikiza 127.0.0.1 hakuna hiyo hadithi.

Nyanya_Chungu
Lakini mimi niko nyumbani nyuma ya rauta, nani atanifikia

Kodi_Usiku
Kutoka nje sawa, rauta inakukinga. Lakini wewe na laptopu yako hamkai nyumbani siku yote. Waifai ya hosteli, waifai ya mkahawa, waifai ya maktaba, hapo mko ndani pamoja. Kijana XAMPP yako hapo poti 80, jirani akiandika anwani yako ya waifai anaona kazi yako ya shule, isipokuwa Windows imezuia. MySQL angalau kawaida inakataa mtumiaji wa root akitoka mashine ingine, na phpMyAdmin ya XAMPP, ule ukurasa wa kusimamia databesi, imewekwa ya ndani tu, lakini usitegemee bahati, ingia my.ini uweke bind-address=127.0.0.1 uwashe upya.

Na mwenye seva ya Linux aandike ss -tlnp saa hii. Safu ya anwani ukiona 127.0.0.1 ama ::1 lala. Ukiona 0.0.0.0 ama * jiulize nani wa nje anahitaji hiyo. Ukitaka wewe mwenyewe kuifikia databesi kutoka nyumbani hauhitaji kuifungua, tumia ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 halafu jina la seva, unaunganisha programu yako na 127.0.0.1:3307 ya laptopu na inatokea upande ule kama mwenyeji.

Juma_wa_Poti
Niulize hapo hapo. Kwa Linux nikiandika mysql -h localhost inaingia, nikiandika mysql -h 127.0.0.1 inanikataa. Si ni kitu moja?

SevaNaStima
Kwa MySQL si kitu moja. Ukisema localhost kwa Linux klayenti yake haitumii mtandao kabisa, inatumia soketi ya Unix, faili tu kwa diski. Ukisema 127.0.0.1 ndio inatumia TCP. Kama umeweka skip-networking (inazima TCP), ama ruhusa za mtumiaji zako ni za localhost peke yake na seva imewekwa skip-name-resolve (isitafute majina), utaona tofauti.

Ingine yenye inasumbua vijana wa Node, javaskripti ya seva: tangu toleo la 17 la 2021, localhost inaweza kwenda ::1 kwanza, na seva yako inasikiza 127.0.0.1, unapata ECONNREFUSED ::1:3000 unaanza kulaumu fayawoli. Andika 127.0.0.1 kwa namba, yaishe. Na wa Mac mwenye Flask, seva ya Python, imekataa poti 5000, hiyo ni AirPlay imekaa hapo tangu Monterey.

Kijana_wa_Umoja
Sasa mimi naona 127.0.0.1 ni salama kabisa, kila kitu nikiweka hapo nimemaliza.

Mwalimu_wa_Netiweki
Hapana, usiende mbali hivyo. Umezuia watu wa nje. Hujazuia walio ndani. Kila programu kwa hiyo mashine inaweza kubisha 127.0.0.1, na kila mtumiaji kama mashine ni ya wengi, poti haiulizi ruhusa ya faili vile soketi ya Unix inauliza. Na kuna mtu mmoja yuko ndani ya mashine yako kila siku akibeba maagizo ya wageni, naye ni brauza. Ukurasa umetoka kwa seva ya mbali, lakini javaskripti yake inaendeshwa kwa laptopu yako.

Julai 2019 mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha Zoom kwa Mac ilikuwa inaacha seva ndogo kwa poti 19421, tovuti yoyote ingeweza kuiambia ikuingize kwa mkutano na kamera imewaka. Na ukitoa Zoom ile seva ilibaki, ikawa inaweza kuirudisha. Apple wenyewe walituma sasisho la kuing'oa.

Kodi_Usiku
Na ile ya mwaka wa 2025 ndio iliniuma zaidi juu inahusu simu, na hapa wengi wetu ni Android. Juni 2025 watafiti, kuna wa IMDEA Networks ya Uhispania na Radboud ya Uholanzi, walitoa kwamba apu za Facebook na Instagram kwa Android zilikuwa zinasikiza poti za 127.0.0.1 huko nyuma. Ukifungua tovuti yoyote yenye imewekewa ile Pixel ya Meta, kodi ya kufuatilia wageni wa tovuti, skripti inatuma kuki kwa 127.0.0.1, apu inaipokea, na apu inajua wewe ni nani kwa jina. Kwa hivyo ata ukifuta kuki, ata ukitumia ile hali fiche ya brauza, wanaunganisha tovuti ulizotembelea na akaunti yako. Yandex ya Urusi ilikuwa inafanya mtindo kama huo tangu 2017. Meta waliacha ilipojulikana. Hakuna ruhusa yoyote uliulizwa, juu kwa Android apu ikiwa na ruhusa ya intaneti inaweza kusikiza kwa lupubaki bila kukuambia.

mama_saiba
Yesu. Na mimi nilikuwa nafikiria hali fiche inaficha

SevaNaStima
Inaficha kwa mtu atakayefungua brauza baada yako. Chrome sasa imeanza kuuliza ruhusa kabla tovuti ya nje ibishe mashine yako ama rauta yako, kwa hivyo ukiona swali kama hilo na tovuti ni ya habari tu, kataa.

Mwanagenzi_KE
Samahani kuingilia, mimi ninaunda apu ya duka na M-Pesa. Natumia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa. Ile STK push, ujumbe wa kuomba pin, inafika kwa simu vizuri, naweka pin, pesa ya majaribio inaonyesha imeenda, lakini kolbaki, taarifa ya Safaricom ya matokeo ya malipo, haifiki kwa Django yangu, ile seva ya apu. Nimeweka http://127.0.0.1:8000/kolbaki. Halafu pia apu yenyewe kwa emyuleta ya Android haifikii hiyo Django, inasema imekataliwa. Kwa brauza ya laptopu inafunguka poa.

Kodi_Usiku
Zote mbili ni kitu kimoja. 127.0.0.1 inasomwa na yule anayeipokea, kwa upande wake. Seva ya Safaricom ukiiambia 127.0.0.1 umeiambia ijitumie yenyewe, wewe hujulikani. Emyuleta nayo ni simu nzima, 127.0.0.1 yake ni hiyo simu. Hapo weka 10.0.2.2, emyuleta ya Android imepewa hiyo kumaanisha laptopu inayoibeba. Ukiwa na simu ya kushika kwa waya ya USB andika adb reverse tcp:8000 tcp:8000 halafu apu ibaki na 127.0.0.1 yake. Na ukiingia Docker, ya kuendesha programu kila moja ndani ya kontena yake, utapatana na shida hiyohiyo, kila kontena iko na 127 yake, hapo tafuta host.docker.internal ama uite kontena ingine kwa jina lake.

Kolbaki lazima iwe anwani ya nje yenye Safaricom wanaweza kufikia. Ukijaribu tumia ngrok http 8000. Ile programu inatoka kwa laptopu yako kwenda kwa seva zao, wanakupa linki ya https, na kila kitu kinachofika hapo kinateremshwa mpaka 127.0.0.1:8000 yako, Django inafikiria ni jirani. Django ikilalamika juu ya ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina inayokubali, ongeza jina la hiyo linki. Ukienda laivu uwe na seva yako, nyaraka za Daraja zenyewe zinashauri usibaki na hizo linki za kujaribia.

Mwanagenzi_KE
Emyuleta imekubali na 10.0.2.2. Ngrok pia naona ombi limeingia, ResultCode 0, yaani imefaulu. Kwa hivyo nikiona 0 nampa mteja mzigo?

Kodi_Usiku
Bado. Sasa umefungua njia kutoka nje mpaka ndani ya 127 yako, na mtu yeyote akiijua hiyo linki anaweza kukutumia ujumbe wa JSON yenye ResultCode 0 akiwa kitandani kwake, hajalipa shilingi. Chukua CheckoutRequestID, namba ya hilo ombi, angalia kwa databesi kama ni wewe uliianzisha na kiasi ni kilekile, halafu uulize Daraja wenyewe na ile STK query kama imelipwa. Wakisema ndio, toa mzigo. Na ukimaliza kujaribu leo uzime ngrok, usilale nayo imewaka.